Kigari cha mtoto ndani ya Mji Mkongwe: kuna anayekiweza?

BintiKiponda:

Asalaam alaykum nyote.

Nawauliza hasa wanaokaa Mji Mkongwe, lakini wa Ng'ambo na wa shamba nao wasipite kimya. Wifi yangu yuko Leicester, kaniletea kigari cha mtoto. Si kile chepesi cha kukunja, ni kile kikubwa, cheusi, magurudumu ya kutia upepo, kina paa, kina kikapu chini, kina mpaka pahala pa kuwekea kikombe cha chai. Kilikuja kwenye kontena pamoja na magodoro na baskeli za watu. Hamali alikitoa bandarini Malindi kwa mkokoteni mpaka karibu na kwetu, hapo akasimama, akaitazama kona, akauacha mkokoteni na kigari akakitia kichwani. Magurudumu manne mazima, na bado kimeingia nyumbani juu ya kichwa cha mtu.

Nakaa Kiponda, ghorofa ya pili. Ngazi za kwetu ni zile za kale, za mbao, zimesimama wima, ukipanda lazima ushike kamba. Mlango wa nje una kizingiti kinachofika kwenye muundi. Mtoto ni wa kike, kifungua mimba, arubaini yake imetoka juzi juzi, na nimejifungua kwa operesheni. Sasa anatakiwa kliniki kwa chanjo ya wiki 6, na baada ya hapo nataka nianze kutoka mwenyewe: sokoni Darajani, kwa mama Bububu, na jioni moja moja Forodhani nipigwe na upepo. Arubaini yote chumbani na moshi wa udi, jamani, inatosha.

Nyumbani kuna kambi tatu. Mama mkwe anasema mtoto anaelekwa kwa kanga, basi, hivyo vigari ni vya watu wa nchi zenye baridi. Mume wangu anasema kigari kimetoka mbali, dada yake akija mwezi wa nane akakikuta kimefunikwa shuka tutamwambia nini. Mama yangu yeye hataki kimoja wala kingine, ati mtoto akielekwa angali mchanga anapata matege, na kigari kinamlaza juani. Anavyotaka yeye ni niajiri msichana wa kumpakata. Pesa ya msichana hajaitaja.

Kigari tumekijaribu, mie na mdogo wangu, kwenda Darajani na kurudi. Kukishusha ngazini ilikuwa kazi ya watu wawili, mie nikabaki na mtoto mkononi nawaangalia. Njiani mambo mazuri kidogo, mpaka gurudumu la mbele likaingia kwenye nafasi ya kifuniko cha mtaro. Kulivuta, halitoki. Nyuma vespa inapiga honi. Mbele anakuja kijana na sinia la mikate, na nyuma yake watalii na mtembezaji wao wamejibana ukutani wanatungojea kwa adabu zote, mmoja anapiga picha. Wazee wa barazani wakaanza kutoa fatwa: inua, usiinue, rudisha nyuma, mtoe mtoto kwanza. Mtoto kalala, habari hana. Tukatoka. Kona ya pili tukakutana na mkokoteni wa soda uso kwa uso. Mnajua wenyewe, mkokoteni wa soda haurudi nyuma.

Sasa nauliza. Kuna mama yeyote huku ndani anayetumia kigari kila siku na akakiweza? Na kama ni kueleka, mtoto wa umri huu anaelekwa vipi, maana mie nimekulia mjini na sikuwahi kufunga mbeleko hata ya mdoli. Na hilo la matege ni kweli?

---

BabaPacha_Michenzani:

Waalaykum salaam. Pole na hongera kwa pamoja.

Mie nna mapacha na kigari cha mapacha, kile cha ubavu kwa ubavu. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya tano, na lifti hakuna. Basi kigari chetu hakijawahi kupanda juu tangu kije. Kinalala dukani kwa jirani wa chini, nyuma ya magunia ya mchele, tumekitilia mnyororo. Kila tukitoka, mie nashuka na mmoja kifuani kwenye kile kibebeo cha mikanda, mke wangu anashuka na mwengine kwenye kanga, tukifika chini ndo tunawapakia. Sasa piga hesabu mwenyewe: hata mwenye kigari bado anabeba.

Chini Michenzani kinafanya kazi vizuri, sikatai. Barabara pana, njia za miguu zipo, jioni tunawazungusha mpaka Kisonge na kurudi, wanalala wote wawili. Lakini siku niliyokipeleka Mkunazini kwa shangazi yangu, hakikuingia hata kichochoro cha mwanzo. Upana wake unakaribia mkono mzima wa mtu mzima uliounyoosha. Nilikiacha kwenye ngazi za duka la mtu, nikatia mmoja kifuani na mmoja mkononi.

Kwa kina baba wanaosoma: kibebeo cha mikanda mwanamme anakivaa na hakuna anayekugeukia. Kanga bado. Mie nimeeleka kwa kanga mara moja kutoka msikitini mpaka nyumbani, nimesindikizwa kwa macho mpaka mlangoni, na mpaka leo kuna mtu mtaani ananiita mzazi.

Na ukisafiri kwa boti kwenda Dar au Pemba usijidanganye na kigari. Ile ngazi ya kupandia, wakati wa kusi bahari imechafuka, unataka mikono miwili: mmoja wa kushika kamba na mmoja wa tiketi. Mtoto awe mwilini mwako.

---

BiMkubwa_KwaAlinatu:

Mwanangu BintiKiponda, hongera ya uzazi. Mie mtoto wa mtoto wangu ndiye anayeniandikia haya, mie nasema yeye anapiga vidole, kwa hiyo mkiona makosa ni yake.

Mama mkwe wako kasema kweli lakini kasema nusu. Mtoto anaelekwa, ndio. Lakini mtoto wa arubaini haelekwi mgongoni. Shingo bado laini. Wa umri huo anapakatwa, anabebwa mbele, na kanga ni ya kukusaidia mkono tu. Unaipitisha begani ikashuka ubavu wa pili, unaifunga fundo nyuma ya bega, mtoto anakaa ndani yake kifuani pako, na mkono wako mmoja haumwachi, uko shingoni. Ukiona unamwachia mikono yote miwili ili ununue dagaa, mpe mtu akushikie mtoto kwanza.

Mgongoni ni mpaka akaze shingo, miezi minne hivi, wengine mitatu na nusu, wengine mitano, mtoto mwenyewe atakwambia. Hapo sasa mbeleko. Na usiende kununua kanga mpya. Kanga mpya ina wanga, inateleza, fundo halikamati. Chukua iliyofuliwa mpaka ikalainika, ya pamba tupu. Wasikudanganye na hizi nyepesi za kung'aa zinazouzwa rahisi, zinapendeza harusini tu, fundo lake linafunguka lenyewe.

Kufunga: kaa kwanza kitandani, usianze na kusimama. Mtoto mweke nyuma yako, miguu yake miwili ikumbate kiuno chako huku na huku. Inama mpaka mgongo wako uwe kitanda, na mkono wako mmoja nyuma unamzuia. Kanga itupe juu yake, pindo la juu lifike chini kidogo ya shingo yake, mikono yake iwe ndani. Ncha mbili zije mbele, moja ipite juu ya bega, moja chini ya kwapa, zikutane kifuani. Zungusha, kaza, fundo. Bado hujasimama. Pindo la chini lishike, lipitishe chini ya makalio yake, livute mpaka lipate kukaa kati yake na mgongo wako, akalie nguo, asining'inie. Watu wengi pindo hili la chini wanalisahau, ndo unaona mtoto kila hatua tano mama anaruka kumpandisha. Halafu simama pole pole, jitikise. Akiteremka, fungua uanze tena. Akitulia na shavu mgongoni, huyo tayari.

Akijua kukaa ndo anahamia ubavuni, kiunoni, anaona dunia. Mie wangu wote wamekulia hivyo, nikichambua mchele, nikitwanga, nikienda chota maji mferejini enzi zile maji ya bomba yako mtaani. Mtoto aliyeelekwa unajua ana homa kabla hujamgusa kwa mkono, mgongo unakwambia. Anajikojolea, unajua pia.

Kigari mie sikichukii. Wajukuu zangu wa Muscat wote wamesukumwa na wazima. Lakini Muscat sakafu yao imenyooka.

---

BintiKiponda:

Bi Mkubwa shikamoo, na mwambie mjukuu wako ahsante. Hilo la pindo la chini mama mkwe wangu kalisikia nikisoma kwa sauti, kanyamaza, halafu kasema "nlikuwa nataka kusema". Haya.

BabaPacha, la dukani kwa jirani nimelichukua. Chini kwetu kuna fundi cherehani, labda atakubali kikae kwake, lakini chumba chake chenyewe akiingia mteja wa pili wa kwanza inabidi atoke.

---

MuuguziMstaafu:

Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto miaka mingi, nimestaafu, nakaa Mbweni. Nitajibu kama nilivyokuwa nikiwajibu kina mama, mstari kwa mstari, na msinikasirikie.

Kwanza mshono wako. Baada ya operesheni ya kujifungua, kawaida tunamwambia mama wiki sita za mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Vigari vikubwa vya aina uliyoieleza vinafika kilo 10 na zaidi. Kwa hiyo kwa nyumba yako, kigari ndicho chenye kukuumiza, si mtoto. Mtoto wa wiki sita ana kilo nne, tano. Hata sasa wiki zimetimia, ukiona mshono unavuta au unatoa maji, rudi ulikojifungulia wakutazame kabla ya kuanza safari za Darajani.

La pili ni pumzi, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko matege. Mtoto chini ya miezi minne hana nguvu ya kujinyanyua kichwa. Akikunjika ndani ya nguo, kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa inabanwa na halii, ananyamaza tu. Huko Marekani mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo 2010 juu ya mikoba ya kitambaa ya kubebea watoto, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo: uso wake uuone muda wote, usifunikwe na kanga wala buibui. Awe juu kiasi ukiinamisha kichwa unambusu utosini. Kati ya kidevu na kifua chake ipite nafasi ya vidole viwili. Na kigari nacho kina lake, mtoto wa umri huu alale chali, bapa, si kukaa ameinama.

Matege. Mama mzazi wa BintiKiponda, nakuheshimu, lakini mbeleko haina kosa. Watoto karibu wote wanazaliwa na miguu iliyopinda kwa jinsi walivyojikunja tumboni, na inajinyoosha wenyewe wakifika miaka miwili hivi. Matege yanayobaki na kuzidi, mara nyingi ni upungufu wa vitamini D, na hiyo inatokana na kukosa jua. Mji Mkongwe kuna watoto hawalioni jua mpaka waanze chuo cha Kurani, nyumba zenyewe zina kiza, na wakitoka wamefunikwa. Kinyume na tunavyodhani, mtoto akielekwa vizuri amekaa kama chura, mapaja yametanuka, magoti yako juu kuliko makalio, na mkao huo ndio unaosaidia nyonga kukaa mahala pake. Linaloharibu nyonga ni kumviringisha mtoto miguu ikanyooshwa na kukazwa pamoja. Hilo lipo sana kwetu, na wanaolifanya ndio hao hao wanaoiogopa mbeleko.

Kulia: kuna utafiti wa Montreal wa 1986. Kina mama walioongeza saa za kumbeba mtoto, mbali na wakati wa kumnyonyesha na wa kulia, watoto wao wakiwa na wiki sita walilia pungufu kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wenzao. Bi Mkubwa hakuhitaji Montreal kulijua hilo, lakini mume wako huenda akahitaji.

Na kwa watoto njiti, kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi ni tiba kamili. Ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi na mashine za kuwatia joto hazitoshi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Sisi wodini tulikuwa tukiifanya kwa kanga za kina mama wenyewe.

Mwisho ni gari. Ukipanda daladala ya 502 kwenda kwa mama yako Bububu na mtoto akiwa mgongoni (atakapofika umri huo), mshushe kabla hujakaa, mlete mbele. Nimeshapokea mtoto aliyebanwa kati ya mgongo wa mama na chuma cha gari baada ya breki ya ghafla. Alipona, lakini sikusahau.

---

Mpemba_Coventry:

Mie mtu wa Wete, nipo Coventry miaka mingi, nimelea kwa vyote viwili, kwa hiyo nna haki ya kusema.

Huku kigari ni miguu yako ya pili. Njia za miguu zinateremka kila penye kivuko, maduka yana milango inayofunguka yenyewe, basi linainama upande mmoja upate kuingia. Unatia mtoto, maziwa, koti la mvua, mboga za wiki nzima, unasukuma. Wifi yako kakununulia anachokijua, na kwa mtu wa Leicester hicho ni kitu cha maana sana na si cha bei ndogo. Msimuone hana akili.

Lakini hata huku si raha tupu. Ndani ya basi pana nafasi moja ya kiti cha magurudumu cha mlemavu, na vigari vinaingia hapo hapo. Yaligombaniwa mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikatoa hukumu 2017: mwenye kiti cha magurudumu akija, haitoshi dereva kumuomba mama aondoe kigari halafu akanyamaza, lazima ajitahidi zaidi. Nimeshashushwa na kigari changu kwenye mvua ya Januari kwa ajili hiyo, na ilikuwa haki. Siku ya pili nikamfunga mwanangu kwa kanga ndani ya koti, nikakaa kiti changu kwa raha. Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza nimenunua wapi kitu kile. Nikamwambia Darajani.

Tena la kuchekesha. Hivi vibebeo vya mikanda vinavyouzwa huku bei ya kukutoa machozi, kimojawapo cha mwanzo kilitoka kwetu Afrika. Muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alikuwa Togo miaka ya 1960 na wale wa kujitolea wa Peace Corps, akaona kina mama wanavyofunga watoto mgongoni. Karudi kwao, akajifungua binti, akajaribu kumfunga vile vile, mtoto anateleza. Mama yake akamshonea mfuko wenye mikanda. Walipata hataza, yaani haki ya ubunifu, 1969, wakakiita Snugli, kikauzwa Marekani nzima. Lingekuwapo pindo la chini la Bi Mkubwa, pengine wasingeshona kitu!

Jengine la kufikiria, moshi. Chuo Kikuu cha Surrey 2018 walieleza kuwa mtoto aliye kwenye kigari anaweza kuvuta uchafu wa hewa zaidi ya mtu mzima aliye naye, hata kwa asilimia 60, kwa kuwa yuko chini, usawa wa mabomba ya moshi. Hiyo ni barabara za huku. Sasa wewe kwenye kichochoro na vespa imesimama nyuma inanguruma, hesabu ni yako.

Ukitaka kigari lazima, basi tafuta kile cha kukunja kikawa fimbo. Alikibuni Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, Muingereza, 1965, mtu aliyewahi kutengeneza miguu ya kutulia ndege ya kivita ya Spitfire. Kile cha mwanzo kilikuwa cha alumini, kilo 3 tu, unakikunja kwa mkono mmoja. Lakini hicho ni cha mtoto anayekaa mwenyewe, si wako huyu. Na usije nacho Pemba bila ya kuangalia breki. Ukikiachia pale bandarini Mkoani juu ya kilima, utakikuta baharini.

---

MkaziWaShangani:

Mie nitatofautiana kidogo. Nasukuma kigari Shangani na nakiweza. Nyumba yetu ni ya chini, hilo najua ni bahati. Natoka asubuhi mapema kabla vespa hazijaamka, napita njia ya baharini, napita mbele ya Forodhani. Bustani ile tangu ilipotengenezwa upya 2009 sakafu yake inateleza vizuri, mtoto analala kabla sijafika mwisho. Jioni usiende nacho. Kuanzia magharibi wauza urojo na mishikaki wameshapanga meza, moshi, watu, huna pa kupitishia hata kiwiko.

Na jua: msifunike kigari kwa kanga mkidhani mnamkinga mtoto. Hewa haipiti, ndani panakuwa tanuri. Paa lake linatosha, na kivuli cha ukuta mjini hapa kipo cha kutosha, pita upande wake.

Wanaosubiri serikali itanue vichochoro wasisubiri. Mji umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, kizingiti chako chenyewe ni urithi.

---

BintiKiponda:

Nimewasomea wote nyumbani, posti moja moja, na kila mtu kapata la kumshinda mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyenuna.

Chanjo tumekwenda na kurudi, mtoto kifuani, kanga begani, mkono shingoni, kama Bi Mkubwa alivyosema. Nilichoka bega la kushoto, nikabadilisha. Mtaro uliotunasa nimeuruka tu. Mkokoteni wa soda nao nilikutana nao, nikajibana mlangoni kwa mtu, ukapita.

Kigari kinakwenda Bububu kwa mama. Kule kuna ua umesakafiwa, kuna kibaraza kirefu, kuna mwembe. Mtoto atalala ndani yake mchana tukienda, na atasukumwa na wajomba zake mpaka wachoke. Wifi akija mwezi wa nane tutamchukua uwanja wa ndege tumpeleke huko kwanza, atakikuta kinafanya kazi. Mume wangu karidhika. Mama kakubali baada ya kusomewa habari ya vitamini D, lakini kasema yule msichana wa kumpakata mtoto bado anamtaka. Mtoto asubuhi tunamtoa darini kidogo apate jua la mapema, Muuguzi ahsante sana.

BabaPacha, magurudumu ya upepo yanajazwa kwa pampu ya baskeli ya kawaida? Moja limeshalala.

Na Bi Mkubwa, samahani nakusumbua tena. Mtoto akishakaza shingo na mie nikawa namweleka mgongoni, buibui langu ni la kuteleza. Kanga juu ya buibui haitashuka?

---

BabaPacha_Michenzani:

Ya baskeli inaingia ikiwa pua yake ni nene, ile ya gari. Ikiwa nyembamba, fundi baskeli ana kijipua cha shilingi chache. Usilijaze mpaka gumu, litarusha mtoto.

---

BiMkubwa_KwaAlinatu:

Marahaba mwanangu. Itashuka, ndio, ukifunga juu ya buibui peke yake. Chukua kanga ya pili, jifunge kifuani juu ya buibui kwanza, halafu mbeleko juu yake. Pamba kwa pamba zinashikana. Ushungi uje juu ya yote, lakini usimzibe mtoto, Muuguzi keshasema.

Na jina la kanga lisome kabla hujatoka. Mbeleko inakaa mgongoni, maandishi yanakuwa wazi makalioni kwa mtoto, na Kiponda nzima inakuja nyuma yako inasoma. Mie nilipita na ya mafumbo bila ya kukusudia, kumbe jirani na wifi yake wamegombana asubuhi ile. Walikuja nyumbani wote wawili kuniuliza nani kaniambia.

Chukua ya dua.